Umelipita lori "taratibu"? Tochi haikuliuliza lori

Kama ilivyo kila mwisho wa mwaka magari yanapomiminika kutoka Dar es Salaam kwenda mikoani, malalamiko ya tochi, kile kifaa cha askari wa barabarani cha kupimia spidi, yameanza kujaa tena mezani kwetu. Mengi yanastahili kusikilizwa. Lakini lipo moja linalorudi kila wiki kana kwamba limenakiliwa: "Sikuwa na mwendo. Nililipita lori taratibu tu, abiria wangu ni mashahidi."

Abiria hao hawadanganyi. Ukiwa ndani ya gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, na ubavuni mwako kuna lori la 60, utaliona lori likirudi nyuma kwa kilomita 20 tu, mwendo wa baiskeli. Jicho hupima kwa kilicho karibu nalo. Nani hajakaa kwenye basi la mwendokasi pale Kivukoni, basi la pembeni likaondoka, naye akadhani ni lake limeanza kurudi nyuma? Anashika bomba kabisa, mpaka aione nguzo ya kituo iko palepale.

Kasi ni ya kitu kimoja dhidi ya kingine, na hilo halina mjadala tangu enzi za Galileo Galilei, aliyeeleza mwaka 1632 kwamba aliyefungiwa chini ya sitaha ya meli inayokwenda bila kuyumba hawezi kujua, kwa kutazama matone ya maji yakidondoka humo ndani, kama meli inatembea au imetia nanga. Kwa hiyo swali la msingi ni: unapima ukiwa umesimama wapi? Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, imeshachagua kwa niaba yetu sote. Tunapima kutoka barabarani. Kibao cha 50 kinamaanisha 50 dhidi ya lami ile, hata kama msafara mzima uliokuwa nao ulikuwa unakwenda 75 na wewe ukajiona umetulia katikati yao.

Nieleze na utaratibu, maana hapa watu hujichanganya. Ukiandikiwa kosa, una njia mbili. Unakubali, unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa faini ya shilingi 30,000 kwa kosa, kwa benki au kwa simu. Au unakataa, na suala linakwenda mahakamani. Kulipa kwanza halafu kuja kulalamika ni kujifungia mlango, kwa sababu kulipa ni kukiri. Deni la gari huonekana kwenye mfumo wa Polisi kwa kuingiza namba ya usajili, hivyo anayenunua gari la mkononi aangalie kabla ya kukabidhi fedha. Makala hii si tafsiri rasmi ya sheria, na mashauri yaliyoko mahakamani hatuyazungumzii.

Kuna pia wanaodai kwamba askari akisimama upande, pembe "inaongeza" spidi. Ni kinyume chake. Tochi husoma ile sehemu ya mwendo inayoielekea yenyewe. Gari la 60 likimulikwa kwa pembe ya nyuzi 20 husomeka kama 56. Pembe inamsaidia dereva. Tumelisema hili mara nyingi mno.

Sasa nigeukie kupita gari la mbele, ambako mambo hugeuka na hesabu ya lori ndiyo inayokuua au kukuokoa. Tuchukue mfano ule ule, wewe 80, lori 60. Kutoka nyuma ya semitrela hadi kurudi mbele yake kwa nafasi salama, tuseme unahitaji kuizidi mita 40. Kwa tofauti ya kilomita 20 kwa saa, yaani mita 5.6 kwa sekunde, utatumia sekunde 7.2. Kwa lori, umesogea mita 40. Kwa barabara, umemeza mita 160. Na anayekuja mbele yako kwa 80 naye amemeza mita 160. Unahitaji barabara tupu ya mita 320, zaidi ya viwanja vitatu vya mpira vilivyopangwa kwa urefu, na hapo hujaweka akiba hata ya mita moja. Dereva anayejisemea "lori lenyewe ni fupi" amepima kwa lori peke yake.

Na magari yakigongana uso kwa uso? Husemwa kwamba 80 kwa 80 ni sawa na kugonga ukuta kwa 160. Kwa magari mawili yenye uzito sawa, sivyo: yote mawili husimama palepale, na kila moja hupata pigo la kugonga ukuta mgumu kwa 80. Hiyo nayo inatosha kuua. Lakini gari dogo la tani 1 likivaana na lori la tani 30, vikagandamana, vyote viwili huendelea kuelekea alikokuwa anakwenda lori kwa takribani kilomita 75 kwa saa. Dereva wa lori amepungukiwa kilomita 5. Wa gari dogo ametoka 80 kwenda mbele hadi 75 kurudi nyuma, mabadiliko ya 155 ndani ya kufumba na kufumbua. Ndiyo maana dereva wa lori mara nyingi hushuka kwa miguu yake.

Wanaokusudia kupinga kosa waje na karatasi ya kosa, leseni na nakala ya kadi ya gari. Picha ya mshale wa spidi kwenye dashibodi msituletee. Inaonyesha sekunde uliyopiga picha, si sekunde uliyopigwa tochi, na tunabaki kujiuliza usukani ulikuwa umeshikwa na nani.