"Nine times longer" ni mara tisa au mara kumi?

Nahariri ripoti za Kiingereza, nyingi za wahandisi wa hapa Dar es Salaam, na kuna maneno ambayo kalamu yangu haiyaachi yapite: "times longer than".

Chukua reli. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, ina urefu wa kilomita 1,860 hivi. SGR, reli mpya ya kisasa, kipande cha Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 200. Ukiandika "TAZARA is nine times longer than the Dar–Morogoro line", wasomaji wengi watazidisha 200 kwa 9, wapate 1,800, waendelee na shughuli zao. Lakini yupo msomaji mkali, na mara nyingi ndiye anayekaa kwenye kamati ya zabuni. Yeye atasema "longer" inahesabu kile kilichozidi tu: ziada ni 1,800, ongeza na 200 ya mwanzo, jumla 2,000. Wapo wanaoyatetea maneno hayo, na hoja wanayo, maana yametumika karne na karne. Sibishani nao. Naandika "nine times as long as", ambayo ina hesabu moja tu.

Ikifika mara mbili, hata pa kubishania hapana: ni "twice as long as". Ile "twice longer than" inayojaa kwenye rasimu zetu ni "mara mbili zaidi" iliyovalishwa Kiingereza.

Ufupi ndio mtego mbaya zaidi. Kazi ya dakika 90 sasa inachukua 30, mtu anaandika "three times shorter". Toa 90 mara tatu kwenye 90 uone unafika wapi. "A third as long" inatosha, ingawa mimi hupenda kutaja dakika zenyewe: "30 minutes instead of 90".

Kwenye mikataba, angalia "as long as" inapobeba muda na sharti kwa pamoja. "The contractor may use the site as long as the permit is valid": ni kwa kipindi chote cha kibali, au ilimradi kibali kipo siku ya kuanza? Ukikusudia muda, andika "for as long as". Ukikusudia sharti, "provided that".

Na usidondoshe "than". "The bridge is no longer than 40 metres" maana yake daraja halizidi mita 40. "The bridge is no longer 40 metres" maana yake lilikuwa mita 40 na sasa siyo, na mteja atataka kujua kipande kimekwenda wapi.