Dawa ya kemo kuvuja nje ya mshipa: maana yake nini hasa

Ukipewa karatasi ya maelezo kabla ya kuanza kemo ya mshipani, yaani dawa za kutibu saratani zinazoingizwa kwenye mshipa wa damu, kuna sentensi moja huwa imekaa katikati ya kichefuchefu na nywele kunyonyoka, inasema dawa inaweza kuvuja nje ya mshipa, na wengi wanaipita haraka kwa sababu akili yote ipo kwenye nywele na kutapika, afu mtu akisoma "kuvuja" anapata picha ya dripu inayodondoka inalowesha shuka. Sio hiyo. Nataka niieleze taratibu kwa sababu kwenye mambo yote ya kemo hili ni moja ya machache ambayo mgonjwa mwenyewe ndo anaweza kulijua kabla ya nesi na kabla ya daktari, anachotakiwa ni kusema tu, na kusema ndo kunakoshinda watu.

Kemo ya mshipani inapita kwenye kanula, yaani kale kamrija laini ka plastiki kanakobaki ndani ya mshipa sindano ikishatolewa, au inapita kwenye poti, kile kifaa kidogo wanachokizika chini ya ngozi ya kifua chenye mrija unaoenda mpaka kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Ikitoka hapo inatakiwa iingie kwenye damu moja kwa moja, ichanganyike, isambae. Kuvuja ni pale inapoingia kwenye nyama zilizouzunguka mshipa, chini ya ngozi, ikatuama hapo. Kinachosababisha mara nyingi ni kitu kidogo sana, mkono umekunjwa ncha ya kanula ikachomoka, au ncha imetoboa ukuta wa upande wa pili, au mshipa umeshachomwa mara nyingi mpaka ukuta wake umekuwa dhaifu, au mbele kuna damu imeganda kwa hiyo dawa inakosa njia inarudi kinyumenyume inatokea palepale kanula ilipoingilia. Na niseme mapema, inatokea hata kwa nesi mzoefu aliyefanya kila kitu sawasawa, kwa hiyo usikae kimya eti unaogopa kumponza mtu.

Sasa uzito wake unategemea ni dawa gani. Maji ya chumvi yakivuja mkono unavimba, baada ya siku mbili umenywea, basi. Dawa za kemo wanazigawa kwa jinsi zinavyoharibu nyama: kuna ambazo hazifanyi kitu cha maana, kuna zinazouma na kuwasha lakini kwa kawaida ngozi haifi, na kuna zile kali zinazotoa malengelenge na kuua nyama kabisa. Hilo kundi la mwisho ndo la kuulizia kabla ya kuanza, muulize sista au daktari wazi kabisa, "kwenye hizi dawa zangu ipo inayotoa malengelenge ikivuja?" Doksorubisini imo, ndugu zake epirubisini na daunorubisini zimo, vinkristini na vinblastini zimo, mitomisini imo.

Nichukue doksorubisini kama mfano maana ndo inayojulikana zaidi, ile nyekundu. Ni ya zamani, Marekani iliidhinishwa mwaka 1974, inatumika kwenye saratani ya matiti, za tezi za limfu, za damu na nyingine, chanzo chake ni bakteria wa udongoni, na huo wekundu ni wa kwake wenyewe, hakuna aliyeongeza rangi. Kazi yake ni kung'ang'ania kwenye DNA ya seli mpaka seli ishindwe kujigawa ife. Ikiwa kwenye damu inasambaa haraka haikai sehemu moja. Ila ikituama kwenye nyama ya mkono inaingia kwenye seli zenye afya za pale, inazing'ang'ania, zinakufa, na zikifa zinapasuka zinaiachia dawa, dawa inahamia kwa seli za jirani, zile nazo zinakufa. Ndo maana kidonda chake hakifanani na cha kuungua maji ya moto ambacho siku ya kwanza unajua ukubwa wake. Hiki ni moto wa pumba, juu huoni kitu, chini unakula, siku ya kwanza unaona wekundu tu na kauvimbe, wiki ya pili ngozi inageuka rangi, baadae inapasuka, na wengine inafikia kupasuliwa kuondoa nyama iliyokufa na kuhamishiwa ngozi kutoka sehemu nyingine ya mwili.

Mi hili nilijifunza kwa mama mdogo wangu. Ilikuwa mzunguko wa tatu, sista amekaa pembeni yake anamsukumia ile nyekundu kwa bomba polepole huku dripu ya maji inatembea, mi nimekaa upande wa pili nimeshika mkoba wake. Nikamwona anakunja uso. Nikamuuliza, "Mama mdogo, vipi, inauma?" Akaninong'oneza kabisa, "Mwanangu kanaunguza kidogo tu, acha amalize, si unaona ana wagonjwa wengi." Sista alikuwa ameinamia bomba hakusikia. Nikamwambia mi mwenyewe. Akaacha kusukuma saa hiyohiyo, hata sekunde hakuongeza, akatazama, pembeni ya kanula palikuwa pametuna kidogo sana, ukubwa wa kifungo cha shati, na ukipagusa pamekaza.

Nilichokiona baada ya hapo kila hatua ina sababu yake na nadhani ni vizuri watu wazijue. Kwanza alifunga dawa na dripu lakini kanula hakuichomoa, mi nikashangaa maana akili ya kawaida inasema chomoa haraka, kumbe ile kanula ndo njia pekee ya kuirudisha dawa, akaunga bomba tupu akavuta taratibu kile kitakachovutika, ndo baadae akaichomoa. Hakusukuma maji ya kusafisha, kwa sababu ukisukuma unaipeleka dawa mbali zaidi. Hakupaminya wala kupasugua. Akachukua kalamu akachora mstari kuzunguka pale palipotuna, akaandika saa pembeni, akapiga picha, akauinua mkono juu ya mto, akamwita daktari. Ule mstari wa kalamu ndo unaokuonyesha baada ya saa kadhaa au kesho yake kama wekundu umevuka au umebaki ndani, bila mstari kila mtu anaanza kubishana na kumbukumbu yake.

Halafu barafu. Hapa ndo watu wanapokosea wakiwa nyumbani kwa hiyo nitakaa kidogo. Kwa doksorubisini na ndugu zake wanaweka baridi, kama dakika 15 au 20 kwa wakati mmoja, mara kadhaa kwa siku, siku ya kwanza mpaka ya pili, lengo ni mishipa midogo isinyae dawa isitambae. Kwa vinkristini na kundi lake ni kinyume chake, wanaweka joto kavu la kiasi ili dawa isambae ikonde, na kuna kimeng'enya kinaitwa hayaluronidezi wanachochoma pale kusaidia kusambaa, na baridi kwenye hizo inaongeza uharibifu. Kwa hiyo usikimbilie barafu wala kitambaa cha moto kabla hujajua ni dawa gani imevuja. Muulize aliyekupa.

Doksorubisini na wenzake wana dawa ya kuzuia madhara inayoitwa deksrazoksani, inaingizwa mshipani kwa siku 3 mfululizo, kwenye mkono mwingine sio ule ulioathirika, na barafu inatakiwa itolewe angalau dakika 15 kabla ili damu ipite vizuri pale dawa inapotakiwa kufika. Dozi ya kwanza inatakiwa iingie mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 6 tangu kuvuja. Saa 6! Sio "nitasema nikirudi wiki ijayo", sio "ngoja nione kesho pakoje". Si kila hospitali inayo na si kila tone linaihitaji, daktari ndo anaamua, lakini hawezi kuamua kitu ambacho hajaambiwa, na saa zinaanza kuhesabika pale ulipoanza kuhisi sio pale ulipojisikia kusema.

Unahisi nini? Kuunguza kama pilipili imeingia kwenye kidonda, kuchoma, kuuma, ngozi kukaza, uvimbe, wekundu au ngozi kuwa nyeupe na baridi, unyevu unatoka pembeni ya plasta, dripu iliyokuwa inatembea vizuri imekuwa ya kusuasua. Mwenye poti asidhani yeye yamempita, kwake kunaweza kuunguza kifuani, begani au shingoni. Na kuna wakati hakuumi kabisa, hasa mtu mwenye ganzi mikononi kutokana na kemo zilizopita, au aliyepewa zile dawa za kuzuia aleji kabla ya kemo ambazo zinalaza, mtu anasinzia dripu inaingia hana habari. Watoto wadogo na wazee wasioweza kujieleza ndo kabisa, hapo jicho la anayemsindikiza lina kazi.

Kuna kitu kinafanana na kuvuja lakini sio, doksorubisini inaweza kuuwasha mshipa, unaona msitari mwekundu unafuata mshipa kwenda juu, panawasha, pengine na vipele, ila hapavimbi na damu ikivutwa kwenye kanula inakuja vizuri, na kwa kawaida inatulia yenyewe ndani ya saa moja hivi. Nimekitaja ili usife kwa hofu ukikiona, sijakitaja ili ujipimie mwenyewe ukaamua ni hicho. Sema, wao ndo watofautishe. Vilevile mkojo kuwa mwekundu siku moja au mbili baada ya ile dawa ni rangi ya dawa inatoka, haihusiani na kuvuja. (Doksorubisini ina mambo yake mengine mazito, ya moyo na ya kinga kushuka, homa ya nyuzi 38 ukiwa kwenye kemo unakwenda hospitali hata kama ni usiku wa manane, lakini hayo yanataka maelezo yake yenyewe.)

Kabla dawa haijaanza kuna vitu vidogo unaweza kuvifanya. Nenda chooni kwanza ili usiinuke inuke. Sema mkono upi ulipasuliwa tezi za kwapani, mkono upi ulishawahi kuvimba, mshipa upi ulichomwa jana ukashindikana. Wakipendekeza sehemu ya katikati ya mkono, kati ya kifundo na kiwiko, kubali hata kama unaona mshipa wa kwenye kiwiko ndo mnene, maana kwenye maungio na nyuma ya kiganja nyama ni kidogo na chini yake kuna kano na neva, dawa ikivujia pale mkono unaweza kupoteza kazi. Dawa hizi kali kanula mpya ni salama kuliko iliyolala tangu jana. Kabla ya kusukuma sista atavuta kuona kama damu inarudi, ukitaka kuangalia angalia, ukitaka kuuliza uliza, wala sio utovu wa adabu. Mkono usifunikwe na blanketi wala mkono wa sweta, uonekane muda wote, na usiulalie.

Ukirudi nyumbani bado haijaisha kwa sababu dalili zinaweza kuja baada ya siku kadhaa au hata wiki. Tazama pale palipochomwa asubuhi na jioni kwenye mwanga mzuri. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, uvimbe, lengelenge, ngozi kuwa nyeusi au ngumu, vidole kufa ganzi au kushindwa kukunjika, piga simu hospitali siku hiyohiyo utaje jina la dawa na tarehe uliyopewa. Usichue, usipake dawa ya kuchua, usifunge bandeji ya kubana, lengelenge usilitoboe, jua kali lisipapige. Vidole na kiwiko viendelee kunyooka na kukunjwa taratibu visije vikakaza. Na kwenye mzunguko unaofuata mwambie yeyote atakayekuchoma kwamba hapa palivuja, hata kama pamepona, kwa sababu mahali pa zamani panaweza kuvimba upya dawa hiyo ikiingia tena hata kwa kupitia mkono mwingine.

Mama mdogo kwake kilichovuja kilikuwa kidogo na kiliwahiwa. Ule mstari ulikuwa unafutika kila akioga, kwa hiyo jioni alikuwa ananiletea mkono na kalamu bila kusema kitu nauchora upya juu ya alama ileile, tukafanya ivo mpaka wiki ya tatu, wekundu haukuvuka, pakabaki doa la kahawia na ngozi iliyokaza kidogo, na mzunguko wa nne sista kabla hajafungua hata plasta mama mdogo ndo alikuwa wa kwanza kuongea, "Sista, huu mkono ulivuja."