Kufananisha majina sio kuunganisha data za ubongo

Wiki hii nimeambiwa tena, na kijana aliyeniletea kazi hapa Shangani, anataka programu ya kusachi data za ubongo za maabara mbalimbali ambazo kila moja inaita sehemu za ubongo kwa majina yake: "Kaka we badilisha majina yote yafanane, kusachi kutakaa sawa tu." Jamani hapana. Kati ya yote ninayosikia hili ndo linaharibu kazi za watu kuliko mengine.

Chukua M1. Kwenye ubongo ni koteksi ya kwanza ya mwendo, yaani sehemu ya ganda la ubongo inayoamrisha misuli, atlasi (ramani ya ubongo) ya Allen ya panya inaiita MOp, kwenye ubongo wa binadamu kuna wanaoandika Brodmann 4, sa wewe unafuta zote unaweka M1 unaona umemaliza. Kwanza M1 ni jina la kipokezi cha asetilikolini pia, ile kemikali ya neva, kwahiyo data za dawa zitakuja humohumo. Pili, na hapa ndo hawanielewi kabisa, mpaka wa M1 kwenye atlasi ya Paxinos, ramani nyingine ya ubongo, na mpaka wa MOp haipiti palepale. Sisi wa korosho tunajua, kangomba, lile bakuli la kupimia korosho, na kilo vyote vipimo, ila ukiandika "kilo" kwenye bakuli la kangomba mkulima keshaibiwa. Jina alilosajili mwenye data LISIGUSWE. Liache kwenye safu yake, pembeni weka kitambulisho cha ontolojia kama Uberon, yaani orodha ya pamoja ambayo kila sehemu ya mwili ina namba yake, alaf safu ya tatu useme uhusiano, ni kilekile, ni kipana zaidi, au ni sehemu yake tu. Hiyo ya tatu wanairuka wote, matokeo yake mtu anasachi hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu, anakosa rekodi zote za CA1 wakati CA1 iko ndani ya hipokampasi hiyohiyo.

Na sisi waswahili tuna letu, panya. Mus musculus panya, Rattus norvegicus panya, wanyama wawili tofauti kabisa. Tumia namba za spishi za NCBI, hifadhidata ya Marekani, 10090 kwa Mus na 10116 kwa Rattus, usibishane na lugha.

Eti "zote ziko kwenye NWB, tatizo limeisha". NWB ni muundo wa pamoja wa faili za data za neva, inapanga faili, lakini pale pa kuandika elektrodi, ile waya ya kurekodi ubongo, ilikaa wapi ni maandishi huru, kila maabara inajaza inavyojua.

Umri nao wanasema namba ni namba. NWB inataka P90D yaani siku 90, BIDS, muundo mwingine wa kupanga data za ubongo, kwa kawaida ni miaka, sa ukitoa ile P na D bila kugeuza kipimo alaf ukauliza umri zaidi ya 60 unaletewa wazee na panya wa miezi mitatu jedwali moja.

La mwisho, majibu sifuri eti data haipo. Mara nyingi ipo, neno lako ndo halijaifikia. Ndo maana programu zangu zote juu ya majibu zinaonyesha neno la mtu limepanuliwa kuwa maneno gani na dataseti zipi hazina safu hiyo kabisa, na mteja akiniomba niifiche hiyo sehemu kwa sababu inajaza skrini, sikubali.