Migingo na hadithi ya umbali: dhana potofu kuhusu visiwa vya mpakani

Nafundisha sheria ya mipaka hapa Kampala, na wenye mashua waliokamatwa ziwani huniletea kesi zao. Darasani na ofisini nasikia hoja ileile: kisiwa ni cha aliye karibu nacho. Mkenya huitumia kudai Migingo, kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria kinachogombaniwa na Kenya na Uganda; Mganda huihangaikia kwa kutafuta kisiwa chetu kingine kilicho karibu zaidi. Wote wawili wanapima kitu kisichohusika.

"Kisiwa kilicho karibu na ufuo wangu ni changu."

Mwaka 1928 msuluhishi Max Huber aliamua kesi ya kisiwa cha Palmas kati ya Uholanzi na Marekani, iliyokuwa ikitawala Ufilipino. Marekani ilileta hoja ya ukaribu, na Huber akaikataa: ukaribu peke yake haumpi mtu umiliki, kinachopimwa ni mamlaka yaliyotekelezwa kwa amani na bila kukatika. Kisiwa kikaenda kwa Uholanzi, na leo kiko Indonesia kwa jina la Miangas.

Anayeona hiyo ni kesi ya kale atazame Pedra Branca. Mwamba huo uko kilomita 14 hivi kutoka pwani ya Johor, Malaysia, na kama kilomita 44 kutoka Singapore. Mwaka 2008 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliipa Singapore. Waingereza walijenga mnara wa taa pale katikati ya karne ya 19, Singapore ikaendelea kuusimamia, na mwaka 1953 Johor yenyewe iliandika barua kwamba haidai umiliki wa mwamba huo. Karatasi moja ilikuwa na uzito kuliko kilomita 30 za tofauti.

Hata bila kuvuka bahari, Likoma na Chizumulu, katika Ziwa Malawi (Nyasa), ni visiwa vya Malawi vilivyozungukwa na maji ya Msumbiji. Wamisionari wa Kianglikana waliweka makao yao Likoma katika miaka ya 1880, na Waingereza na Wareno walipogawana ziwa, visiwa vilibaki upande wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo.

Sasa turudi Migingo. Ndiyo, iko karibu na Kenya kuliko Uganda, lakini hiyo siyo sababu ya kuwa ya Kenya. Sababu ni mstari uliowekwa na amri ya Waingereza ya mwaka 1926, na ambao sisi wenyewe tumeuandika katika Jedwali la Pili la Katiba yetu ya 1995. Unagusa ncha ya magharibi ya kisiwa cha Pyramid, kisha ya Ilemba, ya Kiringiti, ya Mageta. Ukiufuata, Migingo inaangukia mashariki yake, karibu nusu kilomita. Waganda wenzangu, inaniuma kuona tunagombana redioni kuhusu mpaka ulioandikwa katika Katiba yetu na hatujaufungua ukurasa huo. Someni maandishi kwanza, ramani baadaye. Ramani ya simu siyo ushahidi.

"Zamani Uganda ilifika Naivasha."

Ilifika. Waingereza waliihamishia Kenya ya leo Jimbo la Mashariki la Uganda mwaka 1902, Kisumu ikiwamo. Lakini mwaka 1964, mjini Cairo, nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ziliazimia kuheshimu mipaka waliyoikuta wakati wa uhuru. Idi Amin alilifufua dai hilo mwaka 1976 na hakupata hata shamba moja.

"Polisi wetu wako pale miaka mingi," au "Wakazi wengi ni Wajaluo wa Kenya."

Hoja hizi mbili zinaanguka pamoja. Bendera na hema lililowekwa baada ya mgogoro kuzuka ili kuimarisha dai, majaji hawalihesabu. Na kabila la mvuvi halihamishi mpaka.

"Mwenye kisiwa ana maji yote yanayokizunguka."

Hapa ndipo Wakenya hukosea, na ndipo samaki walipo. Maili 12 za bahari ambazo nchi hupewa kuanzia ufuo wake katika Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 hazihusu ziwa. Ziwani ni mstari tu. Rais Museveni alisema mwaka 2009 kwamba kisiwa ni cha Kenya lakini maji ni ya Uganda. Watu wengi walikasirika, ila kwa upande wa magharibi wa mstari hajakosea: mvuvi anayetoka Migingo kufuata sangara upande huo anaingia Uganda baada ya nusu kilomita hivi, na huko anahitaji leseni ya Uganda. Upande wa mashariki, maji ni ya Kenya kama kilivyo kisiwa.

Kwa hiyo mwenye mashua anayekuja kwangu namwambia anunue GPS kabla ya nyavu mpya, na aingize ndani yake mstari wa Jedwali la Pili. Akikamatwa, aandike palepale saa na mahali alipokuwa. Bila hivyo sina cha kumtetea nacho.