Kuzungumza na bima hakusimamishi muda wa kufungua kesi

Wengi walioumia ajalini huamini kwamba wakishapeleka madai kwa kampuni ya bima, muda wa kisheria unasimama hadi wajibiwe. Sivyo. Kwa kawaida siku huacha kuhesabiwa pale tu hati ya madai inaposajiliwa mahakamani. Barua, simu na ahadi za "tunashughulikia faili lako" hazitoshi. Inaniuma kuona mtu ana picha za eksirei na risiti zote za matibabu, lakini anazuiwa mlangoni kwa kuchelewa wiki moja.

Kenya na Uingereza, kwa kawaida muda ni miaka 3. Jimbo la Tennessee, Marekani, ni mwaka 1 tu. Kuishitaki serikali mara nyingi kuna muda mfupi zaidi: Kenya ni miezi 12.

Kuna nafuu, ingawa si kila mahali. Aliyevuta vumbi la asbesto huenda asiugue hadi miongo kadhaa ipite, hivyo Uingereza humhesabia tangu alipojua ugonjwa na chanzo chake. Mtoto naye huhesabiwa tangu atimize miaka 18.