Kubeti si mshahara: maswali ya mwaloni na kijiweni

Maswali haya yanazunguka Mwanza, kuanzia mwalo wa Kirumba, mitumbwi inakotia nanga, hadi vijiwe vya bodaboda Buhongwa. Mengine huulizwa kwa utani, mengine kwa sauti ya chini baada ya wengine kuondoka. Naanza na lile gumu kuliko yote.

Daktari, mimi ni mvuvi wa dagaa. Kila usiku naingia ziwani sijui nitarudi na nini. Uvuvi wenyewe ni bahati nasibu. Kwa nini kubeti kuwe tatizo na uvuvi uwe kazi?

Swali lina mashiko, ndugu yangu. Kuna usiku mnarudi mtumbwi umejaa, na kuna usiku mnarudi na deni la mafuta. Lakini usipime kwa usiku mmoja, pima kwa mwaka. Ziwa halikupangii bei ya kukukomoa. Ukijumlisha miezi 12, mvuvi anayejua upepo, mwenye taa nzuri na nyavu nzima, hubaki na chochote, kwa sababu dagaa wapo na watu wanakula. Ujuzi wake unamwongezea kipato.

Kampuni ya kubeti imejengwa kinyume chake. Hela ya kuwalipa washindi, mishahara ya wafanyakazi, kodi ya serikali, matangazo ya redioni na faida ya wenye kampuni, vyote vinatoka mfuko mmoja: dau la wachezaji. Kwa hiyo wachezaji wote kwa pamoja hawana budi kutoka na pungufu ya walichoingiza. Huyu au yule atashinda leo, lakini kundi zima haliwezi.

Halafu kuna jambo ambalo nyinyi wavuvi wa dagaa mnalijua kuliko mimi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukishakuwa mpevu taa haivuti vizuri, na mitumbwi mingi hupumzika kwa siku kadhaa. Hapo mtu ana hela ya giza lililopita, kazi hana, simu iko mkononi, na siku haziishi. Ndipo linapokuja wazo: hiki kidogo nikiongeze kinifikishe giza lijalo. Kuanzia dakika hiyo kubeti kumeacha kuwa mchezo, kumepewa kazi ya kulisha nyumba. Na kwa maoni yangu madhara mengi huanzia hapo, hata kabla mtu hajapoteza shilingi.

Mimi bodaboda. Kuna ubaya gani nikihesabu kubeti kama hela ya pembeni?

Ubaya uko kwenye hesabu ya mwezi. Aliyeweka 1,000 kwa kujifurahisha akikosa, amepoteza 1,000 na hadithi imeishia hapo. Aliyeweka 1,000 akitegemea ilipe kodi ya chumba ana pengo, na tarehe ya mwenye nyumba haijasogea. Kesho ataweka 3,000 kuziba pengo, keshokutwa 10,000, kisha hesabu ya bosi mwenye pikipiki, kisha mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali. Kufukuzia hasara namna hii ni mojawapo ya dalili ambazo wataalamu wa afya ya akili huzitazama kwanza. Na angalia: kila hatua, kwa wakati wake, inaonekana ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu anayehangaikia familia. Kwa hiyo hunasa hata watu makini, siyo walevi na wazembe peke yao.

Nasoma chuo, Malimbe. Mimi sibahatishi, nachambua timu. Bumu, hela ya mkopo wa masomo, likiisha, mkeka wa kubeti ndio unanisukuma.

Tufanye hesabu basi, maana hesabu huwezi kuikataa. Chukua mechi ambayo pande zote zina nafasi nusu kwa nusu. Odi ya haki, yaani namba inayozidishwa na dau lako ukipatia, ni 2.00. Kwenye simu utakuta 1.90. Hiyo tofauti ndiyo chakula cha kampuni, asilimia 5 ya dau lako, na mechi haijaanza.

Sasa unganisha mechi 10 za namna hiyo kwenye mkeka mmoja. Nafasi ya kupatia zote ni 1 kati ya 1,024. Kwa dau la 1,000, malipo ya haki yangekuwa 1,024,000. Odi za 1.90 zikizidishana mara 10 zinakupa kama 613,000. Yaani kwenye mechi moja ulikatwa asilimia 5, kwenye mkeka mrefu umekatwa asilimia 40, na bado unasherehekea kwamba “odi ni kubwa”.

Na zile za “uhakika”, odi 1.20? Kwa dau lile lile kila mara, lazima upatie mechi 84 kati ya 100 ndipo uone faida, tena kiduchu. Sikatai kwamba unaijua mpira. Wanaopanga odi nao wanaijua, wana kompyuta na takwimu, na kampuni nyingi duniani humpunguzia kiwango cha dau mteja anayewashinda mara kwa mara. Wale wanaouza mikeka ya fiksi, eti mechi zilizopangwa matokeo, kwenye magrupu sina haja ya kuwazungumzia sana. Mwenye uhakika wa 613,000 hahitaji elfu tano yako.

Mwanangu wa darasa la sita nikimtuma dukani, chenji inaishia kwenye mashine ya bonanza.

Mama, sheria ya Tanzania hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza. Nenda serikali ya mtaa, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ndiyo inayotoa leseni za mashine hizo. Mtoto usimpige mbele ya wenzake. Muulize amewahi kushinda kiasi gani. Mara nyingi ushindi wa mwanzo ndio uliomnasa.

Huu ni ugonjwa kweli, au ni tamaa tu?

Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022. Madaktari wa akili wa Marekani waliuweka kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya mwaka 2013. Sababu iko kichwani. Ubongo hutoa dopamini, kemikali inayotusukuma kutafuta tena kilichotupa raha, na zawadi isiyotabirika huiamsha sana. Kukosa chupuchupu nako kunachochea: mkeka uliochanwa na timu moja dakika ya 90 huamsha hamu ya kurudia, wakati kwenye mfuko ni hasara kama hasara nyingine.

Jambo moja wengi hawalijui: baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson, zinazofanya kazi kama dopamini, zinaweza kumfanya mzee ambaye hajawahi kucheza hata karata aanze kamari. Ukiliona hilo mwambie daktari wake, msimsimamishie dawa wenyewe.

Nitajuaje nimevuka mpaka?

Jiulize mawili. Umewahi kuhisi lazima uweke hela nyingi zaidi na zaidi? Umewahi kumdanganya mtu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? Jibu la “ndiyo” hata kwa moja linatosha kwenda kuonana na mtaalamu. Kukosa usingizi, hasira za bila sababu na kunywa zaidi ya zamani huja pamoja nayo.

Na kama deni limekufikisha kuwaza kujiua, usisubiri kesho. Mwambie mtu mmoja sasa hivi, akusindikize hospitali leo leo. Hapa Mwanza, hospitali ya Bugando kuna idara ya magonjwa ya akili. Sekou Toure pia unaweza kuanzia. Huko tiba kuu ni ya mazungumzo: unafundishwa kuzitambua fikra zinazokurudisha kwenye simu na kuzijibu. Sonona ikiwepo, nayo hutibiwa.

Mume wangu ana deni la kubeti. Nitoe hela yangu ya kikoba nimlipie?

Dada, usimpe taslimu, hata akilia. Kwanza aandike madeni yote mbele yako na shahidi mmoja mnayemheshimu wote, maana deni la kwanza kutajwa mara chache huwa la mwisho. Mkikubaliana kusaidia, mlipe mdai moja kwa moja, kidogo kidogo, kuanzia lenye riba ya kila siku. Akaunti za kubeti azifunge mwenyewe ukiwa pembeni. Kampuni nyingi zina sehemu ya kujizuia, na programu zifutwe. Laini inayopokea hela ibadilishwe namba ya siri na ikae kwako kwa miezi ya mwanzo, yeye abaki na ya kula na nauli. Kama ni mvuvi, ongea na tajiri wa mtumbwi mgawo wake upitie kwako, hasa unaotoka siku za mwisho za giza.