Wanga haukuwa rangi tu

Programu yangu ya kwanza ya kuiga ruwaza za kemikali ilinitesa usiku kucha. Nilitarajia madoa. Skrini nzima ikawa inapwita kwa pamoja, inang'aa na kufifia kama taa moja. Kosa nililigundua siku chache baadaye: niliuacha wanga, uliomo kwenye jaribio nililokuwa naliiga, nje ya milinganyo, nikidhani kazi yake ni kuonyesha rangi tu.

Nadharia ya ruwaza hizo ni ya mwanahisabati Alan Turing, mwaka 1952. Chukua kemikali mbili. Moja, kichochezi, hujizidisha yenyewe na pia huzalisha ya pili, kizuizi, ambacho huizima ile ya kwanza. Zikitulia kwenye msawazo wao na kusambaa kwa kasi sawa, kila chembe ya vurugu hufutika. Kizuizi kikisambaa haraka mno kuliko kichochezi, mambo hugeuka. Palipozuka kichochezi kidogo cha ziada, kizuizi hutoroka kabla ya kukizima, doa likakua. Pembezoni nako kizuizi kimerundikana, hivyo doa jingine haliwezi kuota karibu. Mtawanyiko, yaani huko kusambaa, ambao kazi yake tunayoijua ni kusawazisha, ndio unaovunja usawa.

Tatizo ni kwamba molekuli ndogo ndani ya maji husambaa kwa kasi zinazokaribiana sana. Karibu miaka 40 ikapita bila mtu kuyaona madoa ya Turing maabara.

Watu huniuliza: na yale mawimbi maarufu ya rangi katika mmenyuko wa Belousov na Zhabotinsky je? Hayo ni kitu kingine. Yanasafiri, na hayahitaji tofauti ya kasi za kusambaa. Boris Belousov aliuona mmenyuko wake ukibadili rangi huku na huko mwaka 1951, majarida yakamkatalia kwa hoja kwamba haiwezekani. Hoja hiyo bado naisikia: eti ni kukiuka sheria ya pili ya themodinamiki, kwamba mmenyuko ulioachwa wenyewe huelekea msawazo tu, haurudi nyuma. Sivyo. Mmenyuko hauvuki msawazo na kurudi kama pendulamu. Nishati huru, ile inayousukuma mmenyuko, inashuka muda wote. Kinachopanda na kushuka ni kemikali za katikati ya safari. Ndiyo maana kwenye kopo lililofungwa mapigo hatimaye hukoma.

Turudi kwa Turing. Mwaka 1990, kundi la Patrick De Kepper mjini Bordeaux lilitumia kloraiti, iodaidi na asidi ya maloni ndani ya jeli iliyolishwa kemikali mpya bila kukoma. Wanga uliwekwa ili rangi ionekane. Madoa yakatokea, yakasimama, yakiachana kwa takriban milimita 0.2, umbali usiotokana na ukubwa wa chombo.

Maelezo yaliyonishawishi yalitoka kwa István Lengyel na Irving Epstein mwaka uliofuata. Molekuli za wanga ni kubwa, zimenasa kwenye jeli. Iodaidi, ambayo ndiyo kichochezi, hushikana nazo pamoja na iodini, kisha huachiwa, kisha hushikwa tena. Mwendo wake wote unazorota, wakati kloraiti, ambayo ndiyo kizuizi, inapita bila kushikwa na chochote njiani. Tofauti ya kasi ambayo maji yalikataa kuitoa, wanga uliitoa bila kuombwa.

Nilipourudisha wanga kwenye milinganyo, kipimo kimoja tu kilibadilika. Mapigo yalififia, na madoa yakaanza kujipanga kwa pembesita.